Namba Aliyoikisia Sihaba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sihaba wa kijiji cha Mtawanya aliokota korosho na kuzitenganisha na mabibo yake. Alikuwa darasa la sita, na kwa mwandiko mzuri hakuwa na mpinzani. Sifa zilikuwa zimempanda kichwani kidogo.

Mwaka ule wa 1998 wanunuzi binafsi wa korosho walijaa Kibiti, na malipo yao yalipitia kampuni moja yenye kompyuta. Karani wa malipo alikuwa Bi Mwantum, shangazi yake Sihaba. Hakumlipa mtu kabla ya kulinganisha stakabadhi aliyopewa alipopima korosho na daftari la mizani.

Jumamosi Sihaba na baba yake, Mzee Badru, walifika dirishani. Mwantum akasoma stakabadhi, akafungua daftari, akakunja uso.

"Kaka, hapa pana kilo themanini na sita. Daftari linasema sitini na nane. Siwezi kulipa."

"Ati nini? Dada yangu wa tumbo moja, unanifanya mwizi mbele za watu!"

"Sijakuita mwizi, kaka. Ila hata ungekuwa nani, namba hazilingani."

Foleni ikaanza kunong'ona. Sihaba alitamani ardhi ipasuke immeze. Stakabadhi ilikuwa imelowa mvua juzi, naye akazipitishia kalamu tarakimu zilizofifia, zisizosomeka akazikisia. Baba yake hakujua kusoma. Kama Sihaba angenyamaza, baba angerudi Mtawanya mikono mitupu, na jina la mwizi juu.

"Shangazi, ni mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ililowa, nikaandika juu yake. Baba hajui lolote."

Mwantum akabonyeza kompyuta, akahesabu fedha za kilo sitini na nane. Mzee Badru alizipokea, akaigeukia foleni kifua mbele.

"Mmemsikia? Huyo ni mwanangu!"

"Na mimi ndiye shangazi yake," Mwantum akadakia, akicheka. Kisha akamwinamia Sihaba. "Mwandiko wako mzuri, mwanangu, lakini usichokijua usikiandike. Uliza. Mimi nikikisia hapa, kuna mtu atapunjwa jasho lake. Leo umesema kweli palipokuwa pagumu, nami najivunia."

Mzee Sadala, aliyefuata kwenye foleni, akamnyooshea Sihaba stakabadhi yake.

"Nisomee, mjukuu wangu, kabla sijafika dirishani."

Sihaba alisoma jina, akasoma tarehe, akafika kwenye kilo.

"Hapa pamefutika, babu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sijui. Tumuulize shangazi."