Siri ya Mume Wangu Niliisikia Sokoni

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa. Naishi Noonkopir, hapa Kitengela, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo siku hizi imekuwa kubwa kupita kiasi. Msinionee huruma bado... sikilizeni kwanza yaliyonipata.

Mume wangu nitamwita Baba Naserian tu, kwa jina la binti yetu wa pekee. Wengi wenu mliisikia sauti yake. Tangu miaka ya tisini alikuwa na kipindi cha mifugo redioni, na kutoka Kajiado mpaka Magadi hakuna mfugaji ambaye hakumjua. Ng'ombe wakianza kukohoa, watu waliambiana wangoje Alhamisi wasikie atasema nini. Mimi nilikuwa naitwa "bibi ya redio," na nilipenda, siwadanganyi.

Kwetu ni Illasit, sisi ni watu wa nyanya na vitunguu, kwa hivyo nilikuwa na kibanda cha mboga katika soko la Kitengela. Tena nilikuwa mama wa kanisa. Kila Jumapili Baba Naserian alinipeleka ibadani kwa pikapu yake, akaniteremsha mlangoni, kisha akabaki nje akiwa amefungua boneti. Kila Jumapili gari lilikuwa na shida. Na mimi mjinga nilidhani tuna gari bovu!

Halafu kikaja kile kiangazi cha mwaka wa elfu mbili. Ng'ombe walianguka kandokando ya barabara ya Namanga na hakuna aliyewachuna. Viongozi wakatangaza siku ya maombi ya mvua. Alhamisi hiyo nilikuwa kibandani, na jirani yangu Mama Halima, muuza shuka na leso ambaye kwao ni Garissa, alikuwa amefungulia redio yake kwa sauti ya juu ili soko zima limsikie mume wangu.

Kipindi kilipokaribia kwisha, mtangazaji mwenzake alimwomba afunge kwa sala ya mvua. Kisha nikamsikia, kwa sauti ileile ambayo ilikuwa ikiniambia chai imepoa, akisema hawezi. Haamini kwamba Mungu yuko, na akiomba atakuwa anawadanganya wasikilizaji wake. Akawasihi wauze ng'ombe sasa, wakiwa bado na nyama mwilini.

Soko lote liligeuka kuniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika kitunguu... sikujua nikiweke wapi.

Jamani, nimeolewa na mtu, nimempikia, nimemzalia, nimemuuguza malaria, na habari ya moyo wake nikaisikia pamoja na wauza mitumba? Hata kama ningemkosea vipi, hivyo ndivyo mtu hulipwa?

Jioni nilimuuliza. Hakukasirika. Aliniuliza, "Kwani hukuwa unajua? Ushawahi niona nimefunga macho nikiomba?" Nikamuuliza mbona hakuniambia kwanza. Akasema aliogopa nitalia. "Na sasa unadhani ninacheka?" nikamwambia, nikaingia chumbani kwa binti yangu nikalala huko.

Usidhani yeye aliumia kama mimi. Yeye alipata watu wake! Gazeti moja lilitoa picha za Wakenya mashuhuri waliosema hadharani kwamba hawamwamini Mungu, naye alikuwemo, mtu wa ng'ombe katikati ya profesa na wakili. Akaanza kualikwa Nairobi kwenye mijadala. Alirudi amechangamka, amejaa maneno mapya. Mimi nilibaki Noonkopir na wale wasioandikwa gazetini.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa kinazunguka nyumba kwa nyumba kuomba. Zamu yangu ilipofika nilipika chapati toka asubuhi, nikaazima vikombe kwa majirani, nikafagia mpaka nje ya geti. Nikangoja. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nilisikia nyimbo zao... walikuwa nyumba inayofuata. Waliruka mlango wangu kama unavyoruka dimbwi!

Aliyekuja ni Mama Halima. Alikuja kurudisha kisu, akaniona na zile sufuria, akavua viatu akakaa. Akala chapati bila kuuliza kitu. Nilipoanza kueleza kuhusu Baba Naserian, alinikata. "Mimi ninaswali," akasema. "Swala yake nitaweka ndani ya yangu. Leta chai." Huyo ndiye rafiki aliyebaki.

Mvua ilikawia, na lawama zote zikamwangukia mume wangu. Hata wale waliomsikiliza wakauza mapema wakaokoa kitu hawakusema asante. Nyumbani tulikuwa tunaongea habari za unga na mafuta ya taa tu. Kinyongo nilikifuga, kikanenepa wakati ng'ombe wa watu wanakonda.

Miaka minne ikapita hivyo. Naserian akapata mchumba, kijana mpole anayefanya kazi Magadi. Harusi ikapangwa nyumbani kwa kina mume wangu, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwa mila zetu za Kimaasai.

Asiyejua nimweleze. Siku ya kuondoka, baba humbariki binti yake kwa maziwa ya kibuyu. Anamnyunyizia huku akimtamkia mema, na kila neno akilimaliza, watu wote huitikia, "Naai!" Ni kumwita Mungu alishike lile neno. Baraka isiyoitikiwa ni maneno tu, imeanguka chini. Na bibi arusi asiyebarikiwa, watu watahesabu kila mimba itakayoharibika na kila ndama atakayekufa, waseme si tulisema.

Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa ameamua atabariki yeye. "Huyu hana mtu wa kuita," alisema mbele ya wazee. "Nipeni kibuyu." Wazee wakakubali. Lakini Naserian, amepakwa mafuta, shanga mpaka kifuani, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, akasema taratibu kwamba kama si baba yake, ataondoka bila baraka. Watu wa upande wa bwana arusi wakaanza kutazamana. Harusi ilikuwa inavunjika mbele ya macho yangu!

Kaka mtu akampa mume wangu kibuyu, akarudi nyuma akafunga mikono. Nikaelewa alichotaka. Alitaka aone mdogo wake atakavyofanya.

Baba Naserian akasimama mbele ya mtoto wake. Hakumtaja Enkai, Mungu wetu. Hakutaka kudanganya, hata siku hiyo. Akasema tu, kwa ile sauti ambayo nchi nzima iliijua, "Uzae, na ulee uliowazaa."

Hakuna aliyeitikia. Nilisikia mbuzi kule zizini. Akanyunyiza maziwa, akasema tena, "Nyumba yako isikose maziwa." Kimya. Maziwa mengine yakamwagikia kiatu chake.

Nitawaambia ukweli wangu wote. Upande mmoja wa moyo ulisema, mwache aonje. Mwache asimame peke yake mbele ya watu, kama alivyoniacha mimi na kitunguu mkononi. Lakini aliinua macho, na hakuwatazama wazee, hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Yule mtu aliyezungumza na maelfu alikuwa hana mtu.

"Naai," nikasema.

Mwenyekiti wetu wa akina mama wa kanisa alinivuta shuka. Nikaitoa mkononi mwake. Mume wangu akaendelea. "Uzeeke na yule unayempenda." Nikaitikia. "Usikose wa kukufungulia mlango." Nikaitikia, sasa kwa nguvu, sauti ya mwanamke mmoja katika boma lililojaa watu. Halafu kutoka nyuma kabisa nikasikia mtu anasema, "Amin." Mama Halima! Hajui hata neno la Kimaasai, lakini alijua pa kuingilia.

Wengine hawakufungua midomo. Naserian aliondoka na majani mabichi ya baraka kwenye viatu vyake, bila kugeuka nyuma, maana bibi arusi wetu hageuki. Lakini niliona mabega yake yametulia, nikajua ameridhika.

Tulirudi Kitengela kesho yake kwa ile pikapu. Karibu na Isinya akaniuliza, "Mbona uliitikia? Na unajua mimi siamini."

Nikamwambia, "Ulikuwa unaongea, na hakuna mtu alikuwa anakujibu."

Akasimamisha gari kando ya barabara. Akashuka, akafungua boneti, akasimama nyuma yake kwa muda mrefu. Gari halikuwa na shida yoyote.

Tangu siku hiyo hakubadilika imani, wala mimi sikubadilika. Lakini kila jambo lake lilianzia kwangu, hata la kipumbavu, hata ndoto. Tuliishi vizuri... muda mfupi.

Mwaka wa elfu mbili na saba alitoka hospitali akaja moja kwa moja sokoni. Ilikuwa Alhamisi. Alimwomba Mama Halima azime redio. Akakaa kwenye kreti ya nyanya, akanishika mkono mbele za watu, akasema, "Mama Naserian, niko na habari mbaya. Hakuna mwingine anajua. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

Alikufa kabla mvua fupi hazijaanza. Waliokuja kumzika walitosha kwenye magari mawili.

Ndugu zangu wasomaji, sikuandika ili mgombane kuhusu nani anaamini na nani haamini. Mimi bado naenda kanisani, kwa miguu. Nawasihi tu, na hasa ninyi mnaojulikana na watu... kabla ya kuitangazia nchi kilicho moyoni mwako, anzia jikoni kwako. Usimwache mwenzako akijue sokoni. Na wewe uliyefichwa, usikae miaka minne na kinyongo kama mimi, ukidhani miaka ni mingi. Kumbe mimi nilikuwa nimebakiwa na mitatu tu!

Naserian huja kutoka Magadi akipata nafasi. Alhamisi kuna sauti nyingine redioni, kijana anajitahidi. Juzi Naserian alinipigia simu kwamba ana mimba. Nilifurahi, nikaamka haraka kitini nikaenda mpaka mlango wa chumbani... nimwambie Baba Naserian kwanza.