Mkoromo Kwenye Kabati la Makala

Mkoromo ulisikika mchana kweupe, na hapo ndipo penye neno. Ungekuwa usiku, mtafiti Miwani angesema ni mlinzi kapitiwa. Lakini jua lilikuwa utosini, ofisi ya watafiti wa malale ilikuwa na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe, na aliyekoroma alikoromea ndani ya kabati la makala za zamani.

Profesa wake alimcheka. Alimwambia ukisoma sana habari za ugonjwa wa usingizi, hata kiti kitakukoromea. Mfagiaji hakucheka. Alisema chumba kina jini, akaiacha ndoo mlangoni, na tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti.

Kisha mdogo wake Miwani akapiga simu kutoka hospitali. Mwanawe alikuwa amelazwa kwa malale na dawa ya kwanza haikumsaidia. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akachoka.

"Dada, jioni hii wanataka kumchoma ile dozi kubwa ya dawa ya pili. Wananiuliza kama nakubali. Mimi nijue nini? Wewe ndiye msomi wetu. Ni salama kwa mtoto?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Kila makala iliandika hivyo: dozi kubwa ni salama kwa watoto, na kwenye mabano jina lile lile la mtafiti wa kale. Hata yeye alikuwa amemnukuu asubuhi ile, na hajawahi kumsoma.

"Usikate simu, mdogo wangu. Ngoja nihakikishe."

Akafungua makala mpya kuliko zote. Haikupima mtoto hata mmoja, ilinukuu nyingine. Kabatini mtu akakoroma. Akafungua hiyo nyingine, nayo ikamtupa kwa ya tatu, na ya tatu kwa ya nne, na kila alipofungua mkoromo mwingine ukaongezeka, mwembamba, wa kifua kidogo, mpaka chumba kizima kikawa kama bweni la watoto waliolala, na harufu ya mablanketi yenye mkojo na dawa ikampanda puani, na hapo akaelewa kuwa miaka yote hiyo wasomi walikuwa wakinakiliana kama wanafunzi kwenye mtihani, na makala yenyewe ya yule mtafiti wa kale ilikuwa humo kabatini na hakuna aliyeigusa.

Aliogopa, jamani, aliogopa hasa. Lakini mtoto wa mdogo wako ni mwanao. Akavuta mlango wa kabati.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na vumbi, na makala nyembamba ambayo kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana. Akazitenganisha kwa ukucha, akasoma kwa kunong'ona. Watoto saba walipewa dozi kubwa. Wote walilala. Hakuna aliyeamka.

Mikoromo ikakatika yote kwa pamoja. Ndani ya ukimya ule, mkono mdogo wa baridi ukamshika upindo wa gauni, kisha ukamwachia.

"Kataa," akasema kwenye simu. "Hata wakikufukuza, kataa."

Mdogo wake alikataa. Mtoto alitibiwa kwa dozi ndogo, polepole, akapona. Miwani akaandika makala ya kuwaonya wenzake, akawataja wale saba. Mfagiaji akarudi na ndoo yake, na kabati likawa kabati.

Mwaka ukapita. Mchana mmoja ukaingia ujumbe kwamba makala yake imenukuliwa kwa mara ya kwanza. Akafurahi, nani asiyependa kutajwa? Akaifungua huku akitabasamu. Iliandikwa kwamba dozi kubwa ni salama kwa watoto, na kwenye mabano palikuwa na jina lake.

Mkoromo ukaanza. Aligeukia kabati, lakini kabati lilikuwa kimya. Akapeleka mkono kifuani taratibu, na hapo ndipo alipousikia vizuri, mwembamba, wa mtoto, ukitoka mlemle kifuani mwake, naye macho yake yakiwa wazi.