Kikanisa cha Chini ya Miti, Midia

"Dada, chukua ya buluu. Itang'aa mpaka Kongo!" muuza mabati wa sokoni Arua alimbembeleza Driciru.

"Sitaki ya kung'aa. Nataka rangi ya majani makavu."

Mtu akacheka nyuma yake. Driciru aligeuka kwa hasira, gauni lake la kitenge cha manjano likizunguka naye, akakutana na kijana mrefu aliyejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Pitia, mpasua mbao kutoka Yei.

"Nyumba gani hiyo inajificha?"

"Kikanisa. Mimi ndiye nachora. Iko Midia, katikati ya miti. Paa itakaa chini ya matawi, na pale mti iko, ukuta itapinda."

"Ukuta inapisha mti? Mimi napenda huyo mchoraji."

"Pendea huko mbali!"

Hakupendea mbali. Mvua zilipoanza, walikuwa wakipigiana simu mpaka chaji iishe, na Driciru akimwita "vumbi yangu".

Kisha mzee Alionzi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaamua miti yote ifyekwe ili kikanisa kionekane kutoka barabarani. Driciru aligoma kubadilisha mchoro. Akasikia kwamba aliyepewa kazi ya kukata ni Pitia.

"Ni kweli?" aliuliza kwenye simu.

"Ni kweli, lakini mpenzi, sikia..."

"Mpenzi wa nani?"

Akakata simu. Alilia, akanawa uso, akapanda gari la Koboko linalopita Midia.

Huko Midia aliikuta miti yote ingali imesimama. Pitia alikuwa amechuchumaa kando ya msumeno wake wa injini, Alionzi akimfokea.

"Kila siku mashine mgonjwa! Daktari yake iko wapi?"

Driciru akaegemea mti mkubwa kuliko yote. "Mzee, ukitaka kukata, anza na mimi."

Pitia aliinuka taratibu, akatoa mfukoni plagi ya kuwashia injini.

"Mzee, mashine iko mzima. Mimi ndiye natoa hii kila asubuhi. Ningekataa kazi, ungeita mwingine. Leo mwenye mchoro amefika, nakataa mbele ya macho yako."

"Basi toka hapa!"

"Nitatoka." Akaiweka plagi, nyeusi kwa mafuta, kiganjani mwa Driciru. "Pete sina. Bila hii, mashine haiwaki. Shika wewe, na mimi unishike."

Moyo wa Driciru ulijaa furaha na aibu kwa pamoja. "Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulikata simu?"

"Na hiyo kanisa," Alionzi alifoka, "nani ataona kutoka barabarani?"

Driciru akaifumba plagi kiganjani.

"Kuja harusi yetu, mzee. Tutakuonyesha njia."