Mgongo wa Ukuta

"Kushoto kidogo, dada. Kushoto kwako, siyo kwangu!"

Mama yake Mendo akausukuma mtaimbo chini ya jiwe mpaka likaketi. Mjomba Phurba, aliyekuwa akimwelekeza, akalitikisa kwa mikono miwili. Halikucheza. Akakata kwa nyundo ncha iliyochomoza, kisha akaomba jiwe lingine.

Mendo alikuwa nyuma ya ukuta, amepiga magoti katika nafasi iliyoachwa kati ya mawe na mlima. Tangu siku ya kwanza, kazi yake ilikuwa kuijaza nafasi hiyo kwa vijiwe vidogo. Ukuta wenyewe ulipangwa mawe matupu, bila saruji, na sasa ulimfika mtu mzima kifuani. Ulikusudiwa kushikilia ua wa nyumba yao, iliyo juu kabisa ya kilima. Chini yake, hatua kumi na tano tu, palikuwa na nyumba ya jirani yao Suntali, aliyejifungua wiki tatu zilizopita.

Mikono ya Mendo ilipanga vijiwe, lakini macho yake yalikuwa kusini. Wingu lilikuwa limesimama juu ya bonde, jeusi kama sufuria ya kuni.

"Unalitazama hivyo kwani linakudai?" Gyalbu alimtania. Alikuwa mtoto wa Mjomba Phurba, mwenye miaka kumi na mitatu, mmoja zaidi ya Mendo. "Mwezi wa Asar huu, mwezi wa mvua. Ulitaka mbinguni kuwe na nini, maua?"

Mendo alipachika kijiwe kingine. Alikuwa akifikiria upande wa mashariki wa ukuta, na jambo alilolifanya huko juzi.

Vijiwe vilichotwa kwenye maporomoko ya mawe karibu na mto. Kuvipandisha kilimani, kapu mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso, kulichukua karibu saa nzima. Juzi, baada ya safari ya tatu, shingo ya Mendo ilikuwa inawaka moto. Wengine walikuwa ndani wakila. Udongo mwekundu ulikuwa pale pale, hatua mbili tu. Akachukua jembe, akaujaza nyuma ya ukuta, urefu wa hatua sita, kisha akatandaza vijiwe juu yake. Mjomba aliporudi alichungulia akasema, "Leo umekimbia kama mbuzi!" Sifa ile ilikuwa ikimchoma Mendo mpaka leo.

Mchana walikula ugali wa ulezi wakiwa wamekaa juu ya mawe. Suntali alipanda na mtoto wake kifuani, akaleta mahindi ya kukaanga.

"Kaka Phurba, niambie ukweli," alisema. "Mwaka jana mvua ilipoanza nilikuwa nakaa macho nikiusikiliza ukuta wa zamani usije ukaniangukia. Mwaka huu nitalala?"

"Utakoroma," Mjomba alisema. "Ukuta huu utakojoa vizuri."

Gyalbu alicheka hadi mahindi yakampalia.

"Cheka tu," Mjomba akaendelea. "Maji ya mvua yanaingia mlimani, yanapita kwenye vijiwe, yanatokea mbele. Yakikosa njia, yanavimba huko nyuma na kuusukuma ukuta wote chini."

Suntali alicheka pia, akambusu mtoto kichwani. Mendo aliacha kula.

Walipokwenda kuosha sahani, alimvuta Gyalbu pembeni akamwambia alichofanya. Binamu yake alikodoa macho.

"Hatua sita? We Mendo! Nyamaza basi. Leo tunamaliza, kesho ni zamu yenu kuja kupanda ulezi kwetu. Ukisema, watabomoa, na sisi tutachelewa. Pengine hautaanguka."

Pengine. Mendo alirudi na neno hilo. Alijaribu kulishika, lakini kila ngurumo ililiangusha. Tone moja likampiga mkononi. Chini, Suntali alikuwa akianua nepi huku akimwimbia mtoto.

"Mjomba," Mendo alisema. Akanyoosha kidole mashariki. "Mjomba, upande ule hautakojoa."

Nyundo ikanyamaza.

"Niliweka udongo. Vijiwe viko juu tu."

"Mendo!" Mama alipiga kelele. "Kuna mtoto mchanga kule chini!"

"Dada, utamgombeza baadaye," Mjomba alisema taratibu. "Mendo, kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka jiwe lile jeupe mpaka kwenye kona."

"Kina gani?"

"Mpaka kiunoni kwangu. Chini ya hapo ni vijiwe, naapa."

"Basi hatuhitaji kubomoa wote. Gyalbu, mlete Suntali na mtoto huku juu. Dada, shika mtaimbo."

Walishusha mawe ya juu, mstari kwa mstari, wakayalaza uani kwa mpangilio. Mendo alichimba udongo wake mwenyewe mpaka kucha zikauma. Gyalbu aliporudi alichukua jembe la pili bila kusema kitu. Mvua ilipoanza kumwagika walikuwa wametoa karibu wote. Wakatandika turubai juu ya pengo, wakaligandamiza kwa mawe, wakaingia ndani wakiwa wamelowa chapachapa.

Suntali alikuwa karibu na moto, akimnyonyesha mtoto. Mendo alishindwa kumtazama.

"Nisamehe, Dada Suntali."

"Umeniogopesha sana," Suntali alisema. "Lakini umesema ningali hai kusikia. Njoo ukae, unatetemeka."

Mjomba alikamua kofia yake. "Mendo, juzi ulichoka. Kuchoka si kosa. Ungesema, Gyalbu angebeba kapu moja na mimi moja. Uchovu tunagawana, ndiyo maana tunajengeana kwa zamu. Lakini ulichokificha, nani angekusaidia kukibeba? Mimi najenga uso wa ukuta, watu wanausifu. Wewe unajenga mgongo, hakuna anayeuona. Aliye chini analala kwa kuutegemea huo. Kazi isiyoonekana ndiyo ya kufanywa kwa uaminifu zaidi."

"Na ulezi wenu, Mjomba?"

"Utasubiri siku mbili."

"Yanahitajika makapu mangapi ya vijiwe?"

"Ishirini, kama si zaidi."

"Nitaanza alfajiri."

"Tutaanza," Gyalbu alisema, akinung'unika. "Ila mkanda mzuri nauchukua mimi."

Nje mvua iliendelea kupiga turubai, na mawe ya mistari minne yalilala uani yakisubiri kukuche.