Sauti ya Shangazi Francisca

Kila Jumapili, baada ya misa na chakula cha mchana, Adelfina alifuta meza kwa kitambaa, akamwita mumewe. "Baba Claudia, lete kompyuta."

Mumewe huyo, Erasmus, alikuwa mwalimu mstaafu wa pale kijijini Kibimba. Kompyuta yake aliinunua ikiwa imeshatumika, apate kuandika matangazo ya kwaya. Lakini Jumapili saa nane mchana ilikuwa ya shangazi.

Shangazi Francisca alikuwa dada wa marehemu baba yake Adelfina. Sasa aliishi Dodoma, kwa mwanawe Gidioni. Walizungumza naye kwa simu ya video, na kwenye kompyuta uso wake ulionekana wote, mpaka mwanya wa meno ya juu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Migomba haijambo?"

Adelfina alicheka. Tangu zamani shangazi aliuliza habari za migomba kwanza, za watu baadaye.

Adelfina alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na shangazi huyo. Alikumbuka asubuhi za kwenda kupalilia maharage mlimani, umande ukiwalowesha miguu. Shangazi alitangulia na jembe begani, akiimba. Alikuwa na nyimbo za kupalilia na nyimbo za kubembeleza watoto. Alikuwa pia na wimbo mmoja wa kumtoa bibi harusi nyumbani kwao. Kwa Kihangaza, lugha ya kwao, wimbo ule ulimwambia binti kwamba moto wa jiko la mama yake hautazimwa, aje kuota siku yoyote. Zamani wanawake wote wa mlima ule waliujua. Wakafa mmoja mmoja. Aliyebaki na beti zote alikuwa shangazi peke yake.

Jumapili moja shangazi hakuuliza habari za migomba. Gidioni ndiye aliyesogea mbele ya simu.

"Dada, madaktari wameona uvimbe kwenye koo la mama. Atafanyiwa upasuaji Alhamisi. Wanasema atapona, lakini sauti huenda isirudi."

Adelfina alishika meza kwa mikono miwili.

"Usilie," alisema shangazi. "Claudia anaolewa mwezi wa nane. Ngoja nimwimbie mjukuu wangu sasa hivi."

Akaanza kuimba. Adelfina alinyakua simu yake, akaanza kukirekodi kioo cha kompyuta. Jogoo akawika dirishani. Shangazi alipofika ubeti wa pili alikohoa, akanyamaza.

Baadaye Adelfina aliifungua ile video. Mwanga wa dirisha ulikuwa umekifunika kioo, uso wa shangazi hauonekani. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya chungu. Jogoo ndiye aliyesikika vizuri. Adelfina alikaa kitandani akalia.

Jumatatu asubuhi alibeba kompyuta mpaka dukani kwa Swabaha, jirani yao. Swabaha alitoka kwenye familia ya wafanyabiashara wa Biharamulo. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua na kutoa kopi.

"Shikamoo, Mama Claudia. Mbona uso umevimba?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeipoteza sauti ya shangazi yangu." Akamweleza yote.

Swabaha aliitazama ile video, akatikisa kichwa. "Mama, usikipige picha kioo kwa simu. Kompyuta yenyewe inaweza kurekodi kinachoonekana kwenye kioo chake, pamoja na sauti. Hapo jogoo wa dirishani hatakusumbua."

"Kompyuta hii hii?"

"Hii hii. Zipo ambazo mpaka uwekewe programu, lakini yako inayo. Kaa hapa."

Alimwonyesha kitufe chenye alama ya dirisha, chini upande wa kushoto. "Ukitaka picha tu, isiyotembea, bonyeza hiki, Shift na S kwa pamoja. Kioo kitafifia. Chora mraba kuzunguka unachokitaka, kisha hifadhi. Hiyo ni picha ya skrini."

"Mimi nataka wimbo."

"Basi unataka kurekodi skrini. Kwanza bonyeza katikati ya maongezi yenu ya video, maana kompyuta itarekodi programu hiyo iliyo mbele. Halafu bonyeza kitufe cha dirisha, Alt na R, vyote pamoja. Ukiona saa ndogo inahesabu pembeni, ujue inarekodi. Ukimaliza, bonyeza vilevile tena. Video itajihifadhi kwenye folda ya video."

Walijaribu. Kwa simu yake Swabaha aliipigia kompyuta ya Adelfina simu ya video, akasimama nje ya duka akihesabu moja mpaka kumi. Walipofungua video, midomo ya Swabaha ilicheza bila sauti.

"Umeona?" alisema Swabaha. "Ingekuwa ndiyo siku yenyewe, tungelia wote. Ndiyo maana tunajaribu kwanza." Alibonyeza kitufe cha dirisha na G, akafungua mipangilio, akachagua sauti zote zirekodiwe. Walijaribu tena. Safari hii namba zilisikika, moja mpaka kumi.

"Mambo mawili, mama, usiyasahau," alisema Swabaha. "Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi. Hata kama ni shangazi yako, sauti ni yake. Na usiache mambo ya siri wazi kwenye kioo, kama vile namba ya siri, maana yatarekodiwa pia."

Adelfina alirudia vitufe njia nzima: dirisha, Alt, R. Jumanne kutwa alijizoeza, Erasmus akiigiza kuimba kwenye simu kutoka nyuma ya nyumba.

Jumatano, siku moja kabla ya upasuaji, saa nane mchana kompyuta ilikuwa na chaji, redio imezimwa.

"Shangazi, naomba nikurekodi, uso na sauti. Unakubali?"

Shangazi alikiweka sawa kitambaa cha kichwani. "Nakubali. Mpe na Claudia. Wape wote."

Adelfina alibonyeza. Saa ndogo ikaanza kuhesabu. Shangazi aliimba polepole, akapumzika, akanywa maji, akaendelea mpaka ubeti wa mwisho. Kisha, bila kuombwa, akaimba za kupalilia. Adelfina alifumba macho, akausikia umande miguuni.

Walipoagana aliifungua video. Uso ulikuwapo, na sauti ilikuwapo yote. Siku hiyo hiyo Swabaha aliinakili kwenye flashi mbili, akaipa jina: Shangazi Francisca, nyimbo za Kibimba.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitolewa, shangazi akapona. Ila sauti iliyobaki ilikuwa mnong'ono.

Miezi iliyofuata, kila Jumamosi, wasichana wa kwaya walikuja nyumbani kwa Adelfina kujifunza wimbo wa bibi harusi. Walisikiliza mstari mmoja, wakausimamisha, wakaurudia. Priscila, mdogo kuliko wote, ndiye aliyeshika maneno kwanza.

Mwezi wa nane shangazi alisafiri kwa basi kutoka Dodoma. Alifika akiwa amekonda, lakini jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuitazama migomba. Siku ya harusi alikaa kwenye kiti mlangoni. Claudia alipotoka, tayari kupelekwa kwa mumewe, kule Nyakanazi, Erasmus alifungua kompyuta iliyounganishwa na spika. Sauti ya shangazi ikajaa uwanja. Wazee waliacha kuzungumza. Mama mmoja alijifuta machozi kwa kanga. Shangazi mwenyewe aliushika mkono wa Claudia, midomo yake ikifuata maneno bila kutoa sauti.

Kwenye ubeti wa pili umeme ukakatika. Spika ikanyamaza.

Wasichana walitazamana. Priscila akaendelea pale pale sauti ilipokatikia, na wenzake wakampokea. Waliimba beti zote, wakimsindikiza Claudia mpaka kwenye gari.

Adelfina aliinama karibu na shangazi. "Umewasikia, Shangazi?"

Shangazi alimvuta sikio, akanong'ona, "Nimewasikia. Waambie ubeti wa tatu wasiukimbize."

Jumamosi iliyofuata walianza na ubeti wa tatu.