Mishale Ilipokutana Juu ya Tatu

Kila asubuhi Wakio alifika shuleni kabla ya wenzake wa darasa la saba, miguu myekundu kwa vumbi la barabara ya Mwatate, akaenda moja kwa moja ofisini. Kazi yake ilikuwa kutia saa ufunguo na kupiga kengele. Saa yenyewe ilikuwa ya ukutani, kubwa, ya kizamani, yenye mlango wa kioo. Mwalimu mkuu, Bwana Obadiah, alikuwa amemwonya mara moja tu: tia ufunguo, funga mlango, mishale usiiguse. Tusidanganyane, Wakio aliringa na kazi hiyo. Watoto wadogo walipomwuliza ni saa ngapi, aliwajibu ameinua kidevu kama karani wa stesheni.

Jumatatu moja alasiri aliona vumbi limetanda juu ya namba, akaamua kulipangusa kidogo tu. Kitambaa kikanasa kwenye mshale mfupi. Alipokivuta, mshale ukazunguka ovyo na kuning'inia chini. Maskini Wakio! Mshale mrefu ulikuwa bado mahali pake, kwenye namba tatu, yaani robo. Muda wa kwenda nyumbani ulikuwa umefika, saa tisa na robo, na kila mtoto anajua kwamba ikiwa ni saa tisa, mshale mfupi huwa kwenye namba tatu. Basi akausukuma kwa kidole mpaka ukalala sawasawa chini ya mrefu, tatu juu ya tatu, akafunga mlango na kwenda kupiga kengele.

Hakuna aliyegundua. Dakika zilikuwa sawa, na mtu mwenye haraka hutazama dakika tu. Hata hivyo, usiku huo na uliofuata Wakio hakula vizuri, na mama yake alipomwuliza ana nini, alisingizia kichwa.

Jumatano mwalimu wa hesabu alikuwa matangani Rukanga, kwa hiyo Mwalimu Tryphena, aliyefundisha Kiswahili, akashika darasa lake. Siku hiyo ilikuwa lazima apatikane mwanafunzi mmoja wa kwenda mashindano ya hesabu Voi, maana jina lake lilipaswa kupelekwa na basi la mchana. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameacha swali la kuamua, lakini jibu alisahau kuliacha: kati ya saa tisa na saa kumi, mishale ya saa hukutana lini?

Karibu darasa zima liliandika saa tisa na robo. Donald, kwa kuwa alisikia "tisa", alichora mshale mfupi kwenye namba tisa, wakamcheka mpaka akafuta. Mmoja tu ndiye aliyekuja na jibu tofauti, naye alikuwa Munyao, mtoto wa mkata mkonge, aliyekaa dawati moja na Wakio. Munyao hakuwa msemaji, lakini tangu mwaka uanze wimbo wake ulikuwa mmoja: Voi, Voi, mashindano ya Voi.

Mwalimu alimtaka aeleze. Munyao akasimama. Alisema kwamba saa tisa kamili mshale mrefu uko nyuma ya mfupi kwa nafasi kumi na tano za dakika. Lakini ule mrefu ukifika kwenye tatu, mfupi nao umekwisha kusogea mbele kidogo, haukukaa kuusubiri. Kwa saa nzima mrefu hutembea nafasi sitini, mfupi tano, basi mrefu humzidi mwenzake kwa nafasi hamsini na tano. Ukipiga hesabu, mishale hukutana saa tisa na dakika kumi na sita na kitu.

"Mambo haya si uwanja wangu," Mwalimu Tryphena alisema. "Wacha saa yenyewe iamue. Wakio, tuletee."

Wakio aliibeba saa ile kama aliyebeba karai la maji ya moto. Mwalimu akaisimamisha mezani, akauzungusha mshale mrefu polepole, watoto wamejazana mbele. Mishale ikakutana. Ikakutana juu ya tatu kabisa, wala haikupita hata unywele. Darasa likaangua kicheko, na kila mmoja akampiga mwenzake kumbo kwa furaha ya kuwa sahihi.

Munyao alirudi kwenye dawati akachukua raba. Akaanza kufuta hesabu yake, mstari wa kwanza, wa pili, akikwangua mpaka karatasi ikachanika.

"Kumbe mimi ni mjinga tu," akamnong'oneza Wakio.

Maneno hayo yalimchoma Wakio kuliko fimbo. Aliogopa, aliogopa sana, lakini akaushika mkono wenye raba na kusimama.

"Mwalimu, Munyao amepata. Saa ndiyo inadanganya, na aliyeiharibu ni mimi."

Akaeleza yote, kitambaa, mshale, na kile kidole chake, machozi yakimtiririka. Bwana Obadiah, aliyekuja kuuliza kelele ni za nini, aliyasikia yote akiwa mlangoni. Akamwuliza Munyao saa hiyo inaweza kupimwaje. Munyao akasema taratibu kwamba saa sita kamili mishale yote miwili lazima ilale juu ya kumi na mbili. Mwalimu mkuu akauzungusha mrefu mpaka hapo. Kweli, mfupi ulikuwa umebaki nyuma.

Akaurudisha mahali pake kwa kidole, kisha akazungusha tena mpaka saa tisa na zaidi. Safari hii mrefu ulifika kwenye tatu ukamkosa mwenzake, ukasogea, ukampata dakika ya kumi na sita imepita kidogo. Watoto wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Donald. Jina la Munyao likaandikwa hapo hapo.

Bwana Obadiah akamgeukia Wakio. Alimwambia kwamba kwa kuwa amevunja amri, mwingine ndiye atakayepiga kengele mpaka muhula uishe. Wakio akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi kifua chake ni chepesi, hata hakuweza kuhuzunika.

"Mshale ukiteleza, kuurudisha ni kazi ndogo, umeona mwenyewe," mwalimu mkuu alisema, sasa kwa upole. "Ungeniambia siku ile ile, yangekwisha palepale. Ulipoficha, kosa lako lilitoka ofisini likaja kumkalia mwenzako, mpaka akafuta ukweli kwa mkono wake mwenyewe. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kujiona mjinga kwa ajili yako."