Msichana wa Udongo Dirishani

Kila alasiri, akishamaliza kuosha vyombo vya mchana, Msanii alisimama kwenye dirisha la sebule na kutoa penseli mkobani. Alikuwa na jina lake la kawaida, lakini shuleni hakuna aliyelitumia tena. Tangu apeleke darasani picha ya tai aliyetanua mabawa, wenzake wote walimwita Msanii. Nyumbani mama yake alilicheka jina hilo.

"Msanii wa kuchora, au msanii wa kutuzungusha?" aliuliza, kwa sababu binti yake alikuwa hodari wa visingizio siku ya kufua.

Mama hakujua jinsi mzaha wake ulivyokaribia ukweli. Yule tai Msanii hakumchora. Alibandika ukurasa wa kalenda kuukuu kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi nyembamba juu yake, na mwanga wa nje ulipopenya akafuatisha mistari yote kwa penseli. Walipomsifu alinyamaza tu. Baadaye watu walitaka picha nyingine, naye akarudi dirishani.

Siku moja mama mdogo alimkuta hapo. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliishi nao na alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu akisomea sanaa. Kila jioni alirudi na udongo wa kufinyangia umekauka kwenye kucha, akala amesimama, akalala kama gogo. Siku hiyo alirudi mapema.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Msanii alibana kiganja juu ya karatasi. "Ramani, mama mdogo. Ya jiografia."

Mama mdogo hakusogea kuangalia. Alibaki mlangoni akimtazama kwa muda mrefu kuliko ramani yoyote inavyostahili. "Hebu usigeuke kwanza," alisema kwa sauti ya chini, akatoa kalamu na kuchora haraka nyuma ya bahasha. Kisha akaingia chumbani, na Msanii akashusha pumzi.

Muhula huo shule yao iliamua kupamba ukuta unaotazama barabara. Mwalimu wa sanaa, bwana mmoja mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwaambia wanafunzi walete picha, moja ichaguliwe ichorwe ukutani. Mwishoni zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya Kimya, msichana aliyekaa dawati la nyuma na ambaye hungemsikia hadi umuulize. Alikuwa amechora wanawake wakingoja maji bombani, madumu yamepangwa mstari. Karatasi ilichakaa kwa kufutwafutwa, na mkono wa mama mmoja ulikuwa mrefu kupita kiasi. Ya pili ilikuwa farasi wa Msanii, anaruka uzio, kila msuli mahali pake. Farasi akashinda.

"Amependeza sana farasi wako," Kimya alimwambia walipokuwa wakitoka. Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililomchoma Msanii. Bora angenuna.

Siku chache kabla ya kazi ya ukuta kuanza, mwalimu aliwapeleka darasa zima chuo kikuu. Wanafunzi waliokuwa wakimaliza masomo ya sanaa walikuwa wanaonyesha kazi zao kwa watu wote, na mama mdogo alikuwa mmoja wao. Msanii alitembea mbele kabisa, kifua mbele, kama mwenyeji anayepeleka wageni kwao.

Kelele zao ziliishia mlangoni. Ukumbi ulikuwa mrefu, dari iko juu sana, na juu yao kundi la ndege lilikuwa linaruka. Ndege wote walikuwa vijiko vya zamani, vimekunjwa na kuning'inizwa kwa nyuzi ambazo jicho halikuziona. Upepo ulipoingia mlangoni, kundi zima liligeuka pamoja, likameta, likageuka tena. Mtoto mmoja aliinama bila kujua, kama anayekwepa bawa.

Ukuta wa kushoto wote ulikuwa umechorwa kwa mkaa: watu wamejibanza chini ya kibaraza cha duka, wanangoja mvua ikatike. Msanii alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa. Aliona madoa meusi tu na alama za vidole. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, na ghafla madoa yakawa mabega yaliyolowa, yakawa mtoto aliyejificha ndani ya koti la babake. Alisogea tena, madoa. Akarudi tena, mvua. Hakuelewa mtu anawezaje kuchora mvua kwa mkaa.

Karibu na picha ile alisimama kijana aliyeichora, shati limepigwa pasi lakini kiwiko kina weusi. Mbele yake alikuwa baba yake, amevaa ovaroli ya kazini, kofia mkononi. Mzee alimshika mwanawe begani, na mkono ukabaki pale pale. Hata watoto watundu walipita kwa kunyata.

"Msanii, njoo uone," Kimya alimwita kutoka chumba cha ndani. "Ni wewe."

Ndani kulikuwa na giza kidogo, na katikati yake dirisha la mbao lililowekewa taa nyuma. Mbele ya dirisha alisimama msichana wa udongo uliochomwa, mwekundu kama tofali, kimo kile kile cha Msanii. Alijiinua kwenye ncha za vidole. Pindo la mkono wa gauni lilifumuka, kama la Msanii lilivyofumuka. Shingo iliinama upande wa kushoto, midomo imebanwa kwa bidii. Mikono yake ilikuwa imebana kwenye kioo karatasi halisi, nyembamba, tupu, na mwanga uliopita kwenye karatasi ulimwangukia usoni hata udongo ukaonekana unapumua.

Msanii aliusahau umati uliojaa chumbani. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu aliyemtazama kwa makini namna ile, hadi kovu dogo la kidevuni.

Mhadhiri mmoja, mama mwenye mvi, alikuwa akizunguka sanamu taratibu. "Kwa nini karatasi haina kitu?" aliuliza.

"Kwa sababu sikuona alichokuwa akichora," mama mdogo, aliyesimama kando ya sanamu yake, alijibu. "Ni mtoto wa dada yangu. Aliniambia ni ramani ya jiografia, nami nikamwamini."

Mhadhiri aliitikia kwa kichwa. Mwalimu wa sanaa, aliyekuwa ameingia nyuma yao, pia. Hakuna aliyeuliza zaidi. Msanii angeweza kutabasamu, wakaendelea chumba cha pili, na farasi wake akapanda ukutani. Alimtazama yule msichana wa udongo, asiye na uongo wowote usoni mwake, akashindwa.

"Haikuwa ramani," alisema.

Watu waligeuka.

"Ilikuwa farasi. Nilimfuatisha kutoka kwenye kalenda. Na tai pia. Zote nilifuatisha, mwalimu. Sijui kuchora." Akamalizia kwa mnong'ono. "Mama mdogo, nimeharibu sanamu yako."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. Hakucheka. "Jumatatu utaliambia darasa mwenyewe," alisema. "Na ukuta ni wa Kimya."

Msanii alimgeukia Kimya. "Nisamehe."

Kimya alitazama sakafu. "Nilikuwa nimeshaacha kuchora," alisema. "Nilijiambia, kama wengine wanaweza vile, mimi napoteza muda." Hakumkaripia, na maneno hayo yalimwingia Msanii kuliko kiboko.

Watu walipotawanyika, mama mdogo alimchukua hadi stoo nyuma ya chumba. Juu ya rafu vilipangwa vichwa vya udongo: kimoja kimepasuka katikati, kingine pua imeanguka, kingine jicho limekaa chini ya lingine. Vyote vilikuwa vyake.

"Hivi vilipasuka tanuruni au nilivikosea mwenyewe," mama mdogo alisema. "Kila kimoja nilimpelekea mhadhiri wangu. Nilikuwa naona haya hadi nataka kulia, lakini alinionyesha nilipokosea. Ningemficha, ningebaki hapo hapo."

"Na sanamu? Si imekuwa ya uongo?"

"Ramani niliitaja mimi kwa mdomo, sanamu haikuitaja; karatasi yake ni tupu. Mimi niliona mtoto anayetaka kuchora kwa moyo wote. Hilo lilikuwa kweli, sivyo?"

Msanii aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka.

"Basi sikiliza, mwanangu. Ulipata sifa, lakini hukupata fundi wa kukufundisha, ingawa tunalala nyumba moja. Ningekufundishaje wakati ulinificha unachofanya? Mtu akificha asichokijua, anajinyima mwenyewe kukijua."

Akampa penseli na karatasi, akamwelekeza kwa kidevu kile kichwa kilichopasuka. Msanii aliketi sakafuni, na Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja akaketi upande wa pili. Mama mdogo akampa naye penseli na karatasi, wakachora. Mstari wa Msanii ulitetemeka, ukapotea, ukarudi. Alipomaliza, kichwa kilifanana na kiazi chenye masikio. Kimya alichungulia, akajitahidi kuzuia kicheko, akashindwa, na Msanii naye akacheka huku akifuta pua.

Kisha akainuka, akaupeleka mchoro ule kwa mama mdogo kwa mikono miwili.

Mama mdogo aliutazama kwa makini, kama mhadhiri alivyoitazama sanamu yake. "Vizuri," alisema, akaketi chini karibu yao. "Sasa tuna pa kuanzia."